Kuusoma Mshumaa Unapowaka: Majaribio na Utatuzi wa Kasoro za Mishumaa ya Manukato Inayotengenezwa Nyumbani

Mada kwa warsha ya watengenezaji wadogo wa mishumaa, sabuni na bidhaa za manukato

1. Utangulizi



Sabuni isiyotengenezwa vizuri humkausha mteja ngozi, na achari iliyoharibika humwagwa. Mshumaa mbovu unaweza kuunguza nyumba. Pamoja na hayo, katika bidhaa zote tunazotengeneza majumbani, mshumaa wa manukato ndio unaopelekwa sokoni haraka kuliko zote. Nta ikishaganda vizuri na glasi ikipendeza, mshumaa hupigwa picha, hufungwa utepe na kutangazwa. Mara nyingi hakuna hata mmoja wa aina hiyo uliowahi kuwashwa hadi mwisho. Mtu wa kwanza kuujaribu ni mteja, sebuleni kwake, pazia likipepea na watoto wakipita.

Hoja ya mada hii ni kwamba mshumaa haujakamilika kutengenezwa mpaka mwenzake wa sufuria ileile umewashwa kuanzia ncha ya utambi hadi nta ya mwisho, na yaliyoonekana yameandikwa. Jaribio ni sehemu ya utengenezaji kama ilivyo kupima nta. Nitaonyesha pia kwamba malalamiko tunayoyasikia zaidi, yaani “haunukii”, mara nyingi si kosa la manukato. Chanzo huwa ni utambi, chombo, au namna nta ilivyopashwa moto. Anayekimbilia kuongeza manukato hupoteza fedha na huenda akauongezea mshumaa hatari.

Nitaanza na yanayotokea ndani ya mwali, kisha maandalizi ya jaribio, hatua zake, usomaji wa kasoro, tabia za malighafi za pwani yetu, na mwisho usalama na lebo.

2. Yanayotokea ndani ya mwali

Nta haiwaki ikiwa donge. Ukiielekezea njiti ya kiberiti itayeyuka tu. Kinachowaka ni mvuke wake. Joto la mwali huyeyusha nta iliyo jirani, nta hiyo hupanda kwenye nyuzi za pamba kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi wa koroboi, na inapofika juu hugeuka mvuke na kushika moto. Mwanasayansi Michael Faraday aliyaeleza haya kwa vijana katika mihadhara ya Krismasi ya mwaka 1860 kule Royal Institution, London. Alipachika bomba jembamba la kioo katikati ya mwali, mvuke wa nta ukatoka upande wa pili, akauwasha hapo. Alionyesha pia kwamba rangi ya manjano ya mwali hutokana na chembe ndogo za kaboni zinazong’aa kwa joto. Chembe hizo zikikosa hewa ya kutosha kuziunguza zote, hutoka nje ya mwali. Ndiyo masizi tunayoyaona kwenye mdomo wa glasi.

Hapo tunapata kanuni ya kwanza: nta inayopandishwa na utambi lazima ilingane na hewa inayoufikia mwali. Utambi mnene huleta nta nyingi kuliko hewa, na mwali hurefuka, hucheza na kutoa moshi. Utambi mwembamba huleta kidogo, na mwali hudhoofika hadi kuzama.

Kanuni ya pili inahusu harufu. Manukato yanayopita kwenye utambi huungua pamoja na nta. Harufu inayojaza chumba hutoka zaidi kwenye dimbwi la nta iliyoyeyuka kuuzunguka utambi, ambapo mafuta ya manukato huvukizwa polepole na joto. Dimbwi pana lenye joto la wastani hutoa harufu vizuri. Dimbwi dogo hubania harufu hata kama umetia manukato ya bei mbaya. Na anayeamua ukubwa wa dimbwi ni utambi. Kwa sababu hiyo, mtengenezaji anayetafuta harufu aanze kwa kuuchunguza utambi.

Utambi wenyewe una ufundi wake. Zamani watu walikuwa wakiukata kwa mkasi kila mara kwa sababu ncha iliyoungua haikuteketea. Katika miaka ya 1820 Mfaransa Cambacérès alileta utambi uliosukwa, ambao hujikunja unapowaka na kuitoa ncha yake nje ya mwali, inakopata hewa na kuteketea. Uzi wa pamba uliopindwa tu, usiosukwa, hauna tabia hiyo. Tukumbuke hili tunapotaka kutumia nyuzi za dukani badala ya tambi za mishumaa.

3. Maandalizi: daftari, mizani na kubadilisha kitu kimoja

Vifaa vya lazima ni vichache: mizani ya dijitali inayosoma gramu moja moja, kipimajoto, rula, mkasi, saa na daftari.

Kila kitu kipimwe kwa uzito. Kikombe cha vipande vya nta leo na kikombe kingine kesho havina uzito mmoja, na mafuta ya manukato yana uzito tofauti kwa ujazo uleule. Kiwango cha manukato hutajwa kwa asilimia ya uzito wa nta, na kwa nta nyingi za mishumaa kiko kati ya asilimia 6 na 10. Kwa asilimia 8, kilo moja ya nta hupata gramu 80. Muuzaji wa nta akitaja kikomo chake, kikomo hicho kiheshimiwe. Nta ina kiasi cha mafuta inachoweza kubeba, na kinachozidi hutoka nje.

Daftari liandikwe kabla ya kuyeyusha. Kila mshumaa wa majaribio upewe namba, na mbele yake ziandikwe: aina ya nta na ilikonunuliwa, uzito wake, jina na asilimia ya manukato, joto la nta yalipotiwa, joto la kumiminia, aina na ukubwa wa utambi, kipenyo cha chombo, tarehe ya kumimina na hali ya hewa. Anayesema “nilitia kama kawaida” hawezi kurudia mafanikio yake wala kutafuta chanzo cha kasoro.

Kanuni inayovunjwa zaidi ni hii: badilisha kitu kimoja kwa wakati. Mshumaa ukitoa masizi, mtu hupunguza manukato, hubadilisha utambi na kununua glasi nyingine kwa mkupuo. Masizi yakikoma hajui kipi kilisaidia. Yasipokoma, hajui amekiharibu kipi.

Mpangilio ninaopendekeza ni wa ngazi nne. Amua chombo kwanza, kwa kuwa kipenyo chake ndicho kinachotawala mengine. Chagua nta. Kisha tafuta utambi kwa kumimina mishumaa mitatu inayofanana kwa kila kitu, isipokuwa saizi ya utambi: mdogo, wa kati na mkubwa. Ukishapata unaowaka vizuri bila manukato, tia manukato na urudie jaribio, maana mafuta hubadilisha mwendo wa nta ndani ya utambi. Saizi inayofaa kwa manukato mepesi huenda isifae kwa mafuta mazito kama ya karafuu. Kila harufu mpya, na kila chombo kipya, ni mshumaa mpya unaodai jaribio lake.

Mshumaa uachwe ukomae kabla ya kuwashwa. Nta ya parafini inatosha siku chache. Nta ya soya huhitaji wiki moja hadi mbili ili mafuta yatulie ndani ya fuwele zake. Anayeuwasha wa soya kesho yake na kulalamika kwamba haunukii hajaujaribu bado.

4. Jaribio la kuwasha, hatua kwa hatua

Mahali. Chagua chumba kisicho na feni wala upepo wa dirisha, na kiwe kilekile kila mara. Weka mshumaa juu ya sahani ya udongo au kigae, mbali na mapazia na karatasi. Usiwashe ukaondoka.

Utambi. Ukate ubaki milimita 5 hadi 6 kabla ya kila kuwasha. Utambi mrefu utakupa majibu ya uongo.

Muda. Washa kwa saa nne, zima, acha nta igande kabisa, kisha rudia. Mzunguko wa saa nne ndio unaotumika pia katika viwango vya kimataifa vya usalama wa mishumaa, na unakaribiana na matumizi ya jioni moja nyumbani.

Vipimo. Kila saa andika urefu wa mwali, upana wa dimbwi, hali ya ncha ya utambi na kama kuna moshi. Kwa makadirio, dimbwi huchukua saa moja kwa kila sentimita 2.5 za kipenyo kufika ukingoni. Glasi ya sentimita 7.5 inahitaji saa tatu hivi. Likifika ukingoni ndani ya saa moja, utambi ni mkubwa mno. Lisipofika hata baada ya saa nne, usikate tamaa mara moja, kwa sababu utambi mzuri huweza kuacha ukingo mwembamba katika mizunguko ya kwanza, na mwali ukishashuka ndani ya glasi joto hujikusanya na kuusafisha. Hukumu ya utambi itolewe baada ya nusu ya mshumaa kuwaka.

Kina. Dimbwi zuri lina kina cha milimita 6 hadi 12. Likizidi hapo, chombo kinapata moto kupita kiasi na harufu inaisha kabla ya nta.

Joto la chombo. Gusa ubavu wa glasi kwa tahadhari au tumia kipimajoto cha kuelekezea. Watengenezaji wengi huchukua nyuzi joto 60 kuwa kikomo, kwa sababu juu ya hapo glasi huanza kumuunguza anayeishika.

Harufu. Pua huzoea. Aliyekaa saa nzima kando ya mshumaa ndiye shahidi dhaifu kuliko wote. Mwite mtu aliyekuwa nje, aingie na kusema anasikia nini, kwa nguvu gani, na akiwa umbali gani. Andika kabla ya kumwambia ulichotia.

Mwisho wa mshumaa. Hapa ndipo majaribio mengi huachwa, na ndipo hatari ilipo. Nta inapobaki kidogo, joto lote la mwali hukiangukia kitako cha glasi. Glasi inaweza kupasuka, kibati cha utambi kikateleza na mwali ukaegemea ubavu, au mabaki ya njiti yakawa utambi wa pili. Mshumaa salama hujizima wenyewe au huzimwa nta ikiwa imebaki sentimita moja hivi. Kibati chenye shingo husaidia, kwa sababu mwali ukifika kwenye shingo hukosa nta na kuzimika.

Malizia kwa kipimo cha uthabiti: weka mshumaa usiowashwa kwenye ubao ulioinuliwa kwa mteremko wa nyuzi 10. Ukianguka, chombo ni chembamba au kirefu mno.

5. Kusoma kasoro

Kila kasoro ina dalili zake. Nizitaje zile tunazokutana nazo mara kwa mara, na kila moja ianze kutibiwa kwa sababu iliyo karibu zaidi.

Handaki. Utambi unachimba shimo katikati, na ukuta wa nta unabaki pembeni. Sababu ya kwanza ni utambi mdogo kuliko chombo. Ya pili ni kuzimwa mapema mara ya kwanza, kabla dimbwi halijatanuka. Ongeza saizi moja ya utambi, na kwenye lebo mwelekeze mteja auache uwake hadi dimbwi likaribie ukingo.

Uyoga na masizi. Ncha ya utambi inaota kichwa cheusi, mwali unarefuka, mdomo wa glasi unaingia weusi. Kwanza kata utambi. Ukirudia, punguza saizi moja. Ukirudia tena, angalia kiasi cha manukato na rangi. Kabla ya yote hayo hakikisha hakuna upepo, kwa maana mwali unaopeperushwa hutoa masizi hata kama utambi ni sahihi. Nyumba zetu za pwani hufunguliwa madirisha kupitisha kusi na kaskazi, na mteja ataweka mshumaa hapohapo. Baada ya jaribio tulivu, fanya jingine karibu na dirisha uone mshumaa wako unavumilia nini.

Mwali unaozama. Unawaka vizuri kwa saa moja, kisha unakuwa mdogo na kuzimika ndani ya dimbwi. Utambi ni mdogo, au nyuzi zake zimeziba. Vinavyoziba ni uchafu wa nta ya nyuki isiyochujwa, vumbi la viungo, rangi za kuchorea na mafuta mazito. Chuja nta kwa kitambaa, ondoa vumbi, kisha ndipo upandishe saizi.

Jasho. Matone ya mafuta yanaonekana juu ya nta. Manukato yamezidi uwezo wa nta, hayakukorogwa vya kutosha, au mshumaa umepata joto na baridi kwa kupokezana. Punguza asilimia, koroga polepole kwa dakika mbili nzima, na usihifadhi chini ya bati. Jasho lisichukuliwe kirahisi, kwani mafuta yaliyotuama juu huweza kushika moto kwa ghafla.

Shimo na bonde karibu na utambi. Nta husinyaa inapoganda, parafini zaidi ya soya. Nje huganda kwanza na ndani huacha uwazi. Toboa pembezoni mwa utambi nta ikiwa nusu imeganda, kisha miminia mara ya pili. Shimo lililofichika ndani huupa mwali nta isiyolingana, hivyo si suala la sura tu.

Mabaka kwenye glasi na ukungu mweupe. Mabaka yanayoonekana kama maji ni sehemu ambapo nta imeachana na kioo kwa kupoa haraka. Ukungu mweupe juu ya nta ya soya ni fuwele za mafuta ya mmea. Vyote viwili haviharibu uwakaji. Kupasha glasi moto kidogo kabla ya kumimina na kuiacha ipoe mbali na upepo hupunguza mabaka. Ukungu hufichwa kwa kuacha nta na weupe wake, bila rangi.

Haunukii. Sasa tuyafikie malalamiko makubwa. Fuata mpangilio huu. Je, umekomaa? Je, dimbwi linafika ukingoni? Je, chumba ni kikubwa kuliko uwezo wa mshumaa mmoja? Je, manukato yalitiwa nta ikiwa na joto la kuyachanganya? Kwa nta nyingi za soya wauzaji hupendekeza nyuzi joto 80 hadi 85. Yakitiwa nta imeanza kuganda hukaa mafungu, na yakiachwa yakichemka kwenye sufuria muda mrefu huruka. Ukiyajibu yote haya vizuri, basi jaribu manukato mengine. Kuongeza asilimia liwe jambo la mwisho.

Hapa niondoe dhana moja. Kila mafuta ya manukato yana joto ambalo mvuke wake unaweza kushika moto ukikutana na mwali, na muuzaji huliandika kwenye karatasi ya usalama. Wengi hudhani hilo ndilo joto ambalo harufu hupotea, kwa hiyo hutia manukato nta ikiwa imepoa sana. Kipimo hicho ni cha usalama wa kuhifadhi, kusafirisha na kutumia karibu na moto. Hakisemi lolote juu ya harufu kudumu.

6. Malighafi za kwetu na tabia zake

Pwani yetu ina harufu ambazo wengine huziagiza kwa meli. Hata hivyo, mafuta yanayonukia vizuri chupani hayawi vizuri ndani ya mshumaa kwa sababu hiyo tu.

Mafuta ya karafuu. Pemba hukamua mafuta ya makonyo na ya majani ya mkarafuu kwa mvuke. Sehemu kubwa ya mafuta hayo ni yujinoli (eugenol), kemikali ambayo huchemka kwenye nyuzi joto 254, na mafuta yenyewe ni mazito kuliko maji. Yana matokeo mawili. Kwanza, yasipokorogwa sawasawa huzama chini, na mshumaa hunukia zaidi unapokaribia kwisha, pale ambapo joto la chombo ni kubwa. Pili, huvukizwa polepole na huulemea utambi, hivyo karafuu pekee mara nyingi huonekana dhaifu ukiwaka ingawa ilikuwa kali ulipofungua kifuniko. Itumie kama msingi chini ya harufu nyepesi, na jaribu utambi wa saizi ya juu. Vaa glavu: mafuta haya huwasha ngozi.

Mchaichai na maganda ya machungwa. Haya yako upande wa pili. Ni mepesi, hutawala saa ya kwanza na kufifia. Mafuta ya machungwa yana limonini, ambayo mvuke wake huweza kushika moto karibu na nyuzi joto 48. Chupa yake isikae karibu na jiko. Kuyachanganya na msingi mzito, kama karafuu kidogo, huifanya harufu idumu.

Mafuta ya nazi. Huyeyuka kwenye nyuzi joto 24 au 25, kwa hiyo Dar es Salaam, Tanga au Mombasa huwa maji karibu mwaka mzima. Ukiyachanganya na nta kwa wingi ili kupunguza gharama, utapata mshumaa unaolainika mchana. Jaribio linalohitajika hapa ni la joto: acha mshumaa mahali penye joto la mchana wa Januari, kisha kwenye kasha lililofungwa linalokaa juani. Gari lililofungwa juani hupita nyuzi joto 50. Nta ya soya ya kumimina kwenye glasi nyingi huyeyuka karibu na hapo, kwa hiyo usafirishaji nao ni sehemu ya jaribio.

Nta ya nyuki. Tanzania inazalisha nta nyingi, hasa mikoa ya magharibi kama Tabora. Huyeyuka kwenye nyuzi joto 62 hadi 64, hivyo huvumilia joto letu, na ina harufu yake ya asali. Lakini ni nzito kupanda kwenye utambi, na hudai saizi kubwa kuliko parafini. Harufu yake pia hushindana na manukato utakayotia. Ichujwe, kisha ipimwe bila manukato kwanza.

Udi, ubani, vijiti vya mdalasini, maua makavu. Ubani na udi hunukia kwa kuungua juu ya kaa la moto. Ndani ya nta haviyeyuki, hukaa kama chembe na kuziba utambi. Vijiti na petali juu ya nta hupendeza kwenye picha, lakini dimbwi likizifikia huelea hadi kwenye mwali na kuwa tambi za ziada. Mapambo yabaki nje ya chombo.

Maji ya waridi, rangi ya chakula, manukato ya kujipulizia. Maji hayachanganyiki na nta. Hutulia chini na kuufanya mwali utatarike. Rangi nyingi za chakula ni za maji vilevile. Manukato ya kujipulizia yana spiriti, na hayafai kumiminwa kwenye sufuria ya moto. Tumia mafuta ambayo muuzaji ameyathibitisha kwa mishumaa. Tangu mwaka 1973 kuna shirikisho la kimataifa la manukato, IFRA, linaloweka mipaka ya matumizi kwa kila aina ya bidhaa. Mwombe muuzaji cheti kinachoitaja mishumaa.

Vifuu na glasi za chai. Kifuu cha nazi ni kizuri kwa zawadi za wageni wa Zanzibar, ila ni kitu kinachowaka, kina vinyweleo, na mdomo wake hauko duara. Kikitumika, utambi uwe katikati kabisa, mdogo, na jaribio la mwisho wa mshumaa lifanywe kwa vifuu kadhaa, kwani hakuna kifuu kinachofanana na mwenzake. Glasi nyembamba za chai na bilauri zenye mkwaruzo zisitumike bila kupimwa hadi mwisho, kwani glasi ya kunywea haikutengenezwa kwa ajili ya moto wa saa nne.

7. Usalama wa karakana na lebo

Yeyusha nta kwa sufuria iliyo ndani ya maji, si juu ya moto wa moja kwa moja. Nta haichemki kama maji. Huendelea kupata joto bila kukuonya, na parafini ikipita nyuzi joto 200 hivi mvuke wake huweza kushika moto. Ikiwaka, zima jiko na funika kwa kifuniko. Kamwe usimwagie maji: hugeuka mvuke mara moja na kurusha nta inayowaka kila upande. Kifuniko kinachoenea kiwe karibu kabla ya kuwasha jiko.

Jihadhari na tambi zisizojulikana zenye waya ndani. Marekani ilipiga marufuku tambi zenye waya wa risasi mwaka 2003 kwa kuwa madini hayo huingia hewani. Waya laini wa kijivu unaoacha alama ya penseli kwenye karatasi ni wa kushuku. Tambi za pamba zinatutosha.

Lebo iwe kwa Kiswahili kinachosomeka, na iseme: usiache ukiwaka bila mtu, weka mbali na watoto, mifugo na vitu vinavyowaka, kata utambi kabla ya kuwasha, usizidishe saa nne, acha kutumia nta ikibaki sentimita moja. Iongeze namba ya toleo inayolingana na daftari lako. Mteja akirudi na glasi iliyopasuka, namba hiyo ndiyo itakayokuonyesha ni mishumaa ipi mingine ya kuiondoa sokoni. Saa nne uziandike kwa sababu umeupima kwa saa nne. Lebo isidai kisichojaribiwa.

8. Hitimisho na mapendekezo

Ndugu washiriki, mtengenezaji mdogo hana maabara, lakini ana kitu ambacho kiwanda kikubwa hakina: anaweza kuwasha mshumaa wa kila sufuria na kukaa nao. Gharama ya jaribio ni mishumaa michache isiyouzwa. Iingizwe kwenye bei tangu mwanzo, kama zinavyoingizwa nta na glasi.

Napendekeza mambo manne. Kwanza, anayeanza awe na chombo kimoja na harufu mbili tu hadi daftari lake lionyeshe matokeo yaleyale mara kwa mara. Pili, vikundi vyetu vinunue kwa pamoja sampuli za tambi za saizi mbalimbali na kugawana matokeo, kwa sababu hakuna haja ya kila mmoja kugundua upya utambi wa glasi ileile. Tatu, kila sufuria iachiwe mshumaa mmoja wa akiba usiouzwa, wa kulinganishia malalamiko yakija. Nne, wanaokusudia kuuza madukani na hotelini wapeleke daftari hilo wanapokwenda kwenye mashirika ya viwango, TBS kwa Tanzania Bara, ZBS kwa Zanzibar au KEBS kwa Kenya. Mazungumzo yatakuwa mepesi kwa anayeweza kuonyesha alichopima.

Maswali ya majadiliano

1. Mshumaa wa soya wenye asilimia 10 ya mafuta ya mchaichai unatoka jasho na haunukii ukiwaka. Utaanza kuchunguza nini, na kwa mpangilio gani?

2. Mteja wa hoteli anataka petali za waridi juu ya mshumaa. Utampa pendekezo gani lenye kuhifadhi sura na usalama?

3. Mishumaa iliyofaulu jaribio mwezi wa Julai inalainika njiani mwezi wa Februari. Ni ukurasa gani wa daftari utakaoufungua kwanza, na ni kitu kipi kimoja utakachobadilisha?